Wasichana wa Ijumaa: kisa cha kikombe na sketi ya shule moja ya Moshi

Kamati yetu iliundwa ijibu swali moja tu: nyota iwekwe upande gani wa nembo. Shule ilikuwa imetwaa kikombe cha netiboli ngazi ya wilaya katika UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari, na wasichana wake wawili wa kupokezana vijiti wamechukuliwa kwenye timu ya mkoa. Kikombe kilikaa juu ya kabati la mkuu wa shule, kimefungwa utepe wa bluu, na kila mgeni aliyeingia ofisini alishikishwa. Bodi ikaona ushindi kama huo usipite hivihivi. Sare ibadilishwe: nembo mpya yenye nyota ya dhahabu, mstari wa dhahabu kwenye upindo wa sketi, na sweta la shingo ya V. Tukateuliwa watu watano, tukapewa chai na maandazi, tukaambiwa tuna wiki sita.

Niseme mapema mimi ni nani pale mezani. Nina binti kidato cha tatu, wa kutwa. Ila mimi pia ni fundi cherehani. Nimeshona sare miaka mingi barazani, hatua chache kutoka Soko Kuu. Shule ikibadili sare, mafundi tunapata kazi. Nililitamka hilo kikao cha kwanza, tukaandika kwenye muhtasari kwamba sitashona hata kifungo cha sare mpya. Mume wangu alinicheka wiki nzima.

Jina la shule haliongezi kitu. Ni ya wasichana watupu, ina bweni na kutwa, na wa kutwa ndio wengi: wanaingia kwa daladala kutoka Pasua, Majengo, Rau, Kiboriloni.

Kilichotutoa kwenye nyota kilikuwa kidogo sana. Mwalimu wa taaluma alitaka majina ya washindi yaandikwe ukumbini, kwenye ubao wa heshima, akatuletea orodha tuhakiki herufi. Majina kumi na mawili ya netiboli. Nikatafuta jina la binti wa jirani yangu, kwa sababu nilimwona kwa macho yangu akidaka mipira tangu yuko darasa la tano na hakuna wa kumpita. Halimo. Nikauliza, "Mwalimu, hapa wa kutwa ni wepi?" Akachukua kalamu, akatia alama mbili. Mmoja ni mtoto wa mwalimu anayeishi nyumba za walimu, ndani ya uzio. Wa pili kwao ni ng'ambo ya barabara, geti linatazamana na la shule. Kumi waliobaki wote wa bweni.

Shule ambayo wengi wake ni wa kutwa ilikuwa na timu ya bweni, na hakuna aliyeliona, kwa kuwa timu ilishinda. Ingeshindwa, tungeshika tochi kutafuta mchawi.

Sababu zilitolewa palepale, na zote zilisikika kama za kweli. Daladala: wa kutwa wanawahi usafiri. Chakula: wa bweni wanakula mchana, wa kutwa wengi wanashinda na kipande cha muhogo. Wazazi: mabinti wa kutwa wanaitwa nyumbani kusaidia kazi. Mimi mwenyewe nilishikilia daladala, tena kwa sauti.

Mwalimu wa michezo ndiye aliyetuaibisha, bila kukusudia. Ana daftari la mahudhurio, lile la kaunta lenye jalada gumu. Mazoezi ni Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, saa 9 na nusu hadi saa 11. Alituletea kuonyesha jinsi wa kutwa walivyo wavivu. "Tazameni. Hawa ni watu wa Ijumaa. Wikiendi ikikaribia ndipo wanakumbuka mpira. Mimi siwezi kumpanga mchezaji wa mara moja kwa wiki." Na kweli: Jumatatu, wa kutwa wawili, watatu. Jumatano vivyo hivyo. Ijumaa wanafurika, hadi anawagawa makundi mawili. Wiki baada ya wiki, kuanzia Machi.

Sasa lipige daftari hilo kwenye zile sababu tatu. Daladala za Ijumaa jioni ndizo zinazojaa kuliko siku zote, na hao watoto ndipo wanapobaki. Njaa haichagui siku. Mzazi anayemhitaji binti nyumbani Jumatatu anamhitaji na Ijumaa, pengine zaidi, maana Jumamosi ni siku ya gulio na mzigo unapangwa usiku. Tena wa kutwa wanabaki shuleni hadi saa 11 Jumanne na Alhamisi kwa masomo ya ziada, na hakuna anayelalamikia usafiri.

Ijumaa ina nini? Tulikaa tukitazamana. Aliyejibu ni matroni, ambaye hakuwa mjumbe. Alikuwa ameleta chupa ya chai. "Kesho yake ni Jumamosi," akasema. "Shati halihitajiki."

Nilihisi kama nimechomwa sindano. Fundi mzima wa mashati.

Siku iliyofuata nilikaa kwenye ngazi za darasa wakati wa mapumziko. Binti wa jirani alikuja kunisalimu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hivi wewe mpira umeuacha?"

"Sijauacha, mama. Ninacheza Ijumaa."

"Na Jumatatu?"

Akacheka, akashika kola ya shati lake. "Nitavaa nini Jumanne?"

Hesabu yake ndiyo hii. Wa bweni kengele ikilia anakwenda bwenini, anavua sare, anavaa tisheti na bukta, anarudi uwanjani. Shati lake linabaki safi msumarini. Wa kutwa haruhusiwi kukanyaga bwenini, na sheria hiyo siilaumu, maana vitu vilikuwa vinapotea. Vyoo vina sakafu iliyoloa na hakuna pa kutundika kitu. Kwa hiyo bukta anaivaa ndani ya sketi tangu asubuhi, na saa 9 na nusu anakwenda nyuma ya simtanki, anashusha sketi, tayari. Lakini shati hawezi kulivua nyuma ya simtanki. Anacheza nalo. Shati jeupe, uwanja wa udongo mwekundu, na msimu wa mazoezi ni masika yenyewe, kwa sababu mashindano ya shule yanaanza ngazi za chini mapema ili taifa wakutane katikati ya mwaka. Aprili Moshi shati likifuliwa saa 2 usiku, asubuhi linaamka na maji. Wenye mashati mawili wanaponea, wenye matatu hawana shida. Mwenye moja akifika mstarini Jumanne na doa jekundu mgongoni, mwalimu wa nidhamu anamrudisha nyumbani. Tangu ada iondolewe shule za serikali mwaka 2016, wazazi wengi wanadhani gharama ya elimu imeisha; muulize mwenye mabinti wawili atakwambia sare, ya darasani na ya michezo, haijawahi kumtoka shingoni, shule iwe ya serikali au ya binafsi.

Hivyo wasichana hawakuwa wavivu. Walikuwa wanalinda shati la Jumanne na la Alhamisi, wakacheza siku pekee ambayo doa lina siku mbili za kufuliwa na kukauka. Na mwalimu, kwa haki kabisa kwa macho yake, akawaacha nje ya timu kwa utoro.

Hapo wenzangu walitaka tufunge: kila mzazi anunue shati la pili. Mimi nikawa na swali la kifundi ambalo halikuniacha. Sisi wa zamani tulicheza netiboli na sare. Hatukuwa na bukta wala chumba cha kubadilishia, na hakuna aliyetafuta simtanki. Sketi tuliyoingia nayo darasani ndiyo tuliyochezea, tukaipiga vumbi, tukapanda nayo gari. Shati tulivua, maana ndani tulivaa fulana ya mikono, ndiyo sare ya siku za michezo. Imekuwaje sketi ikawa kitu cha kuvuliwa kwanza?

Stoo ya shule ina sampuli. Mkuu wa shule alinifungulia, nikaitoa sketi ya zamani yenye lebo ya karatasi, nikaitandika mezani juu ya sketi ya binti yangu. Nikashika futi kamba. Ya zamani: urefu sentimita 62, marinda kuzunguka kiuno chote, upindo sentimita 210. Ya sasa: urefu 86, marinda manne tu, nayo yameshonewa chini hadi karibu na goti yasifumuke, upindo sentimita 116.

Asiyeshona apate picha hivi. Upindo ni duara. Ukilivuta pande mbili likawa bapa, upana wake ni nusu ya mzunguko. Sentimita 116 zinatoa 58, na hizo 58 ndizo nafasi yote ya miguu miwili, unene wa miguu wenyewe ukiwemo. Hiyo ni hatua ya kwenda kanisani. Ya zamani inatoa 105. Sasa kumbuka netiboli ilivyo: mchezaji haruhusiwi kukimbia na mpira, anatakiwa kuuachia ndani ya sekunde tatu, kwa hiyo mchezo mzima ni kuruka, kutua ghafla, kutanua miguu na kugeuka juu ya mguu mmoja. Nilimwambia binti yangu avuke benchi la darasani na sketi yake. Akaipandisha hadi mapajani ndipo akavuka. Sketi iliyorefushwa kwa ajili ya heshima ilikuwa inamvua heshima kwenye benchi.

Kwani nani aliibana? Hakuna mtu mmoja. Miaka ya nyuma kikao cha wazazi kilipiga kura sketi ishuke, kutoka chini ya goti hadi karibu na kifundo cha mguu. Hakuna kikao kilichopiga kura ya kupunguza marinda. Hiyo ni kazi yetu mafundi. Kitambaa cha sare kina upana wa mita moja na nusu. Sketi ya zamani ilikula upana mmoja na nusu: ukiweka na nyongeza ya mshono, kama sentimita 102 za jora kwa sketi. Ukiishusha hadi 86 bila kugusa marinda, unahitaji sentimita 138. Theluthi nzima imeongezeka, na mzazi aliyepiga kura ya heshima hakupiga kura ya bei. Basi fundi anafanya nini? Anaikata sketi kwenye upana mmoja. Zinatosha sentimita 92, na kipande kinachobaki kinatoa mkanda wa kiuno na mfuko. Mzazi anafurahi, shule inafurahi, sketi ni ndefu. Nimezishona hizo mamia. Sikuwahi kujiuliza mwenye kuivaa atakimbiaje.

Kuna jambo nalipenda katika historia ya mavazi haya. Gauni la shule lisilo na mikono, lile la marinda linalovaliwa juu ya shati, ambalo Waingereza walilisambaza hadi makoloni, halikubuniwa kwa ajili ya darasa. Lilitoka miaka ya 1890 kwenye chuo cha mazoezi ya viungo cha Martina Bergman-Österberg huko Uingereza, na mwanafunzi wake Mary Tait ndiye anayetajwa kulibuni, ili wasichana waweze kuruka na kukimbia wakati wanawake wenzao wamefungwa kwenye koseti za kubana kiuno na magauni ya kuburuza. Marinda yalikuwa nafasi ya mguu. Yalipokwisha kuitwa sare, watu wakaanza kuyaona ni urembo, na urembo ndio fundi anaopunguza bei ikibana.

Kwa hiyo nikawaambia wajumbe: sketi ilipobanwa ilizaa hitaji la kubadili nguo, na shule haikujenga mahali pa kubadilia. Wa bweni walikuwa napo tayari, kitandani kwao. Wa kutwa wakaachiwa simtanki. Shati la pili lingemsaidia mwenye pesa ya shati la pili.

Kikao cha wajumbe wa bodi na wazazi kilikuwa kirefu, nami sitakisimulia chote. Mzee mwenyekiti alikuwa na wasiwasi wa kweli, kwamba tutarudisha sketi fupi na shule itasemwa mjini. Baba mmoja akasimama akauliza kama Serengeti Girls, timu yetu ya taifa ya soka, walipofika robo fainali ya Kombe la Dunia la wasichana chini ya miaka 17 kule India mwaka 2022 walivaa sketi za kifundoni. Watu wakacheka, lakini hoja haikusonga, kwa sababu wale walikuwa uwanjani na sisi tulibishana kuhusu darasani. Mama mmoja wa Majengo, Mwislamu, alisema jambo la maana zaidi: binti yake hataki kupunguziwa urefu, anataka suruali ya truksuti na hijabu isiyo na pini, na mpira wa kikapu wenyewe duniani umeruhusu hijabu tangu 2017, sasa shule hii inasubiri nini? Hakupata jibu, akakaa.

Halafu akaongea mtawa, sista, mjumbe wa bodi ambaye kwa kawaida husali sala ya kufunga tu. Akasema wanaume mliopo mtaniwia radhi. Bukta nyeupe ambayo shule inauza pamoja na tisheti, nani aliichagua? Kuna siku za mwezi ambazo msichana hawezi kuivaa, na hizo siku hazifuati ratiba ya UMISSETA. Hata Wimbledon, wenye kung'ang'ania rangi nyeupe kuliko watu wote, waliruhusu wanawake kuvaa bukta za ndani za rangi nzito kuanzia mwaka 2023, na mwaka huohuo timu ya wanawake ya England ikaacha bukta nyeupe. Ukumbi ulinyamaza. Mwalimu wa michezo, kijana mzuri tu, aliandika kitu kwenye daftari lake la kaunta na hakuinua kichwa.

Tulichopendekeza hakikuwa na dhahabu nyingi. Sketi mpya iwe na urefu wa sentimita 70, inapita goti vizuri na soksi inaikuta njiani, marinda yarudi kuzunguka, yasishonewe chini kuvuka nyonga. Kwa upana mmoja na nusu inakula kama sentimita 114 za kitambaa, yaani 22 zaidi ya sasa. Bei itapanda kiasi hicho na tuliwaeleza wazazi wazi, mezani, na futi kamba mkononi. Anayetaka ndefu ashone ndefu, lakini kwa marinda yaleyale. Sketi za sasa zivaliwe hadi zichakae. Hakuna mtoto atakayerudishwa nyumbani kwa ajili ya toleo la sare. Siku za mazoezi, mwenye ratiba ya mchezo aingie getini asubuhi na tisheti ya shule na truksuti ya bluu nzito, asome nayo, acheze nayo, arudi nayo. Hapo shati linapumzika siku tatu kwa wiki, na mwenye shati moja anakuwa sawa na mwenye matatu. Na stoo ndogo iliyo kando ya vyoo, iliyokuwa imejaa madawati mabovu, iondolewe takataka, ipigwe misumari ukutani na pazia mlangoni.

Nililopigania zaidi ni la truksuti, na ndilo lililokaribia kuanguka. Mwalimu wa nidhamu alisema darasa lenye nguo mbili tofauti ni kama soko la mitumba la Memorial. Ilipita kwa tofauti ya kura mbili. Nyota ilipita kwa kauli moja.

Msimu uliofuata daftari la kaunta lilibadilika. Jumatatu ya kwanza ya Machi walikuja wa kutwa kumi na tisa. Jumatano wakawa zaidi, ingawa si haki kuipa sare sifa yote, kwa kuwa muhula huo ratiba ya masomo ya ziada ilisogezwa na watoto wakawa na nafasi. Wasiotarajiwa walikuwa wa riadha: wasichana watatu wa kidato cha kwanza kutoka Rau ambao hakuna aliyejua wanakimbia, maana hawakuwahi kubaki. Kwenye netiboli, kati ya wale kumi na wawili, watano walikuwa wa kutwa, na binti wa jirani yangu alicheza senta.

Wakatolewa nusu fainali. Kikombe kikaondoka juu ya kabati kikaenda shule nyingine, na utepe wa bluu ukabaki. Mzee mwenyekiti alinikuta getini akaniambia, "Mama fundi, mmeongeza marinda mmepunguza magoli." Sikumjibu, ni mzee wangu. Ila mfungaji wao mkuu, yule aliyewapa kikombe, alikuwa amemaliza kidato cha nne, na hilo hata mwenye cherehani mbovu angeliona. Timu yenye watano wapya inahitaji muda kuzoeana.

Mabinti wenye zile sketi ndefu za kubana walianza kuja barazani kwangu. Niliahidi kutoshona mpya, sikuahidi kutofumua, kwa hiyo nawafumulia mshono wa rinda kuanzia goti hadi nyonga bila malipo. Haiongezi upindo hata sentimita moja, lakini wanapanda daladala bila kuishika. Truksuti ni balaa nyingine: nusu zimenunuliwa mtumbani, Kiboriloni, na bluu zake ni saba tofauti. Mwalimu wa nidhamu anazihesabu.

Juzi nilipita shuleni jioni, Jumatatu, kupeleka kipimo cha mapazia. Mlango wa ile stoo ulikuwa na kufuli. Ufunguo anao mwalimu wa zamu, na mwalimu wa zamu alikuwa semina Arusha tangu asubuhi. Wasichana sita wa kutwa walikuwa nyuma ya simtanki, wawili wameshika kanga, wanapokezana kuvaa.